Kuhamia nchi ngeni: mwongozo kamili wa kuyapanga maisha ya kila siku, kuanzia siku ya kwanza hadi mwaka

Barua yangu ya kwanza ya maana ugenini ilirudishwa ilikotoka. Ndani yake mlikuwa na kadi ya benki. Bila kadi nisingeweza kulipia simu, na bila simu nisingepokea namba za siri za kufungulia akaunti ya bima. Anwani ilikuwa sahihi mpaka namba ya mlango. Kilichokosekana ni jina langu kwenye sanduku la barua pale chini ya ngazi. Mtu wa posta alisoma majina, langu hakuliona, akaandika kwamba mpokeaji hajulikani, akaondoka nayo. Kipande cha karatasi na gundi vingeniokolea wiki tatu.

Ndivyo maisha ya ugenini yalivyo. Kwa mambo makubwa, yaani viza, tiketi, kazi au chuo, watu hujiandaa miezi na miezi. Yanayotukwamisha ni madogo yaliyofungamana: hili halifunguki mpaka lile limefunguliwa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa kufunguana huko. Nchi hazifanani, na jina la kila ofisi utalikuta hukohuko, lakini mfuatano huu unafaa karibu kila mahali.

Kabla hujafunga begi

Angalia pasipoti yako inaisha lini. Nchi nyingi zinataka ibaki na angalau miezi 6 ya uhai, na kuibadilisha ukiwa nje kunamaanisha kwenda ubalozini, ambao mara nyingi uko mji mwingine kabisa.

Kisha vyeti: cha kuzaliwa, cha ndoa au talaka, vya shule na chuo, barua za waajiri wa zamani, leseni ya udereva, kadi za chanjo. Nakala peke yake haitoshi. Ofisi nyingi hutaka cheti halisi, tena kilichothibitishwa kwa njia wanayoitambua. Njia inayojulikana zaidi ni apostili, uthibitisho ulioanzishwa na Mkataba wa Hague wa 1961. Mamlaka ya nchi iliyotoa hati ikiiwekea apostili, nchi nyingine zilizomo kwenye mkataba huikubali sahihi na muhuri wake bila kuipeleka kwa ubalozi. Kama nchi yako au unakohamia haimo, njia ni ndefu zaidi: hati huthibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha na ubalozi wa nchi unayokwenda. Yafanye haya ukiwa bado nyumbani. Ukishaondoka itabidi umwandikie ndugu barua ya idhini akakupangie foleni, na ndugu naye ana kazi zake.

Tafsiri usiikimbilie. Uliza kwanza ofisi ya kule inakubali tafsiri ya nani, kwa sababu nchi kadhaa hupokea tu ile ya mfasiri aliyesajiliwa au kuapishwa kwao. Nimewaona watu waliotafsiri kila kitu kwa gharama kubwa kabla ya safari, wakarudia yote walipofika.

Piga picha kila hati, mbele na nyuma, na uzihifadhi mahali pawili: mtandaoni, na kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Hati halisi zikae kwenye mkoba ulionao mwilini, kamwe zisiingie kwenye begi unalokabidhi uwanja wa ndege.

Na laini yako ya simu ya nyumbani usiisahau. Benki yako hutuma namba za siri kwenye laini hiyo, na laini isiyotumika muda mrefu huzimwa. Ikizimwa ukiwa mbali, akiba yako unaiona kwa macho tu. Uliza mtandao wako namna ya kuiweka hai ukiwa nje, au ubadilishe njia ya uthibitisho benki kabla hujaondoka.

Siku tatu za kwanza

Kama umevuka majira kadhaa ya saa, mwili unahitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kuelekea mashariki huwa kugumu kuliko magharibi. Toka nje mchana upate mwanga, kula kwa saa za huko, lala usiku wa huko hata kama usingizi unakuja kwa kusuasua. Usisaini mkataba wowote katika siku hizo. Kichwa kilichochoka hukubali kila kitu.

Jua namba za dharura kabla hujazihitaji. Nchi zote za Umoja wa Ulaya hutumia 112, Marekani na Kanada 911, Uingereza 999. Iandike kwenye karatasi pamoja na anwani yako kamili, ubandike karibu na mlango. Kisha jifunze sentensi moja kwa lugha ya huko, isemayo kwamba unaomba msaada na uko mahali fulani. Iseme kwa sauti mara ishirini. Siku ya hofu, kinywa husema kilichokizoea.

Laini ya simu ianze kuwa ya kulipia kabla. Ya mkataba huwa na bei ya kuvutia, lakini hukufunga mwaka mmoja au miwili, na wewe bado hujajua hata mtaa utakaoishi. Nenda na pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi husajili laini kwa kitambulisho.

Na tarehe. Mahali pengine 04/07 ni tarehe 4 Julai, pengine ni tarehe 7 Aprili. Kila ukipewa miadi, andika mwezi kwa neno na umwonyeshe aliyekupa akubali. Miadi ya ofisi ya uhamiaji ikikupita, inayofuata inaweza kuwa miezi mbele.

Anwani ndiyo ufunguo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu karibu kila kitu kingine kinaning'inia kwenye anwani.

Usitafute nyumba ya kudumu ukiwa bado hujafika. Panga makazi ya muda ya wiki mbili hadi nne, kisha tafuta ukiwa huko, kwa miguu yako. Kabla ya kukubali hata hayo ya muda, uliza swali hili: je, naweza kusajiliwa kisheria kwa anwani hii, na utanipa barua ya kuthibitisha? Wapo wanaopangisha vyumba bila kutaka jina la mpangaji lionekane popote. Ukikaa kwao miezi mitatu, umekaa miezi mitatu bila anwani, na kwa hiyo huenda bila benki, bila namba ya mlipakodi, bila daktari.

Matapeli wa nyumba huwawinda wageni hasa, kwa sababu mgeni ana haraka na hajui bei za kawaida. Dalili zao hujirudia. Nyumba ni nzuri na kodi yake iko chini sana kuliko majirani zake. Mwenye nyumba yuko safarini na funguo atazituma. Picha zinapendeza kupita kiasi. Malipo yanatakiwa leo, kwa njia ambayo pesa ikishatoka hairudi. Kanuni yangu haina msamaha: sijaiona, silipi. Kama huwezi kwenda, mtume mtu, au mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani. Mwambie afungue bomba, kisha afungue dirisha akuonyeshe barabara. Tapeli hana bomba la kufungua.

Mkataba usome hata kama ni kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Tafuta mambo matano: kodi inajumuisha nini na nini utalipa mwenyewe (maji, umeme, joto, takataka, intaneti), amana ni kiasi gani na inarudishwa lini, notisi ya kuhama ni ya muda gani, nani anatengeneza kikiharibika kitu, na kodi inaweza kupandishwa vipi. Kama ukurasa mzima hauuelewi, omba siku mbili. Mwenye nyumba mwaminifu hatakataa.

Siku ya kukabidhiwa funguo, usianze kupanga vitu. Washa kamera ya simu, tembea chumba hadi chumba ukisema tarehe kwa sauti. Rekodi doa lililoko ukutani, kigae kilichopasuka bafuni, mlango wa kabati usiofunga, halafu namba zilizopo kwenye mita ya umeme na ya maji. Tuma video hiyo kwa mwenye nyumba siku ileile, kwa ujumbe wa adabu. Miaka miwili baadaye, mtakapobishana juu ya kigae, video itasema tarehe yake.

Kisha shuka chini, bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, si la utani.

Na kabla wiki haijaisha, gonga mlango wa jirani. Jitambulishe, uliza mambo mawili tu: takataka zinatenganishwaje na zinatolewa siku gani, na saa za utulivu ni zipi. Majibu utayahitaji kweli, kwa kuwa ugomvi mwingi wa majengo huanzia kwenye hayo mawili. Lakini faida kubwa ni kwamba jirani amekuona uso kabla ya kukusikia kupitia ukuta.

Mnyororo wa makaratasi

Chukua karatasi kubwa, chora. Weka anwani katikati. Kutoka hapo chora mishale: usajili wa ukaazi, kadi ya kibali, namba ya mlipakodi, hifadhi ya jamii, benki, bima ya afya, shule ya watoto, leseni. Kila ofisi unayokwenda, uliza maswali mawili: naleta nini, na hiki mtakachonipa kinahitajika wapi kwingine? Jibu la pili ndilo litakalokuchorea mshale unaofuata.

Uliza pia muda wa mwisho. Nchi nyingi hutaka mgeni ajisajili ndani ya siku kadhaa tu tangu kufika au kuhamia, na kuchelewa kuna faini.

Mapema sana utakuta duara: benki inataka uthibitisho wa anwani, na mwenye nyumba anataka taarifa ya benki. Usikate tamaa hapo, kila mhamiaji amepitia. Duara hukatwa na barua kutoka kwa mtu anayeaminika na pande zote, mara nyingi mwajiri au chuo. Kama benki moja imekukataa, jaribu nyingine, hata zile za kwenye simu. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya 2014 inampa kila anayeishi humo kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata asiye na anwani ya kudumu. Karani asiyejua hilo, mwombe kwa upole akuandikie sababu za kukukataa. Ombi la maandishi mara nyingi huleta meneja.

Weka daftari. Tarehe, ofisi, jina la aliyekuhudumia, alichosema, na picha ya risiti. Wanaohudumia watu hubadilika, na wa leo anaweza kupinga la jana. Ukiwa na daftari, mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia.

Pesa

Kila bei utaigeuza kichwani kuwa fedha ya nyumbani. Miezi ya kwanza haiepukiki, lakini jitahidi iishe, kwa sababu hesabu hiyo hukudanganya pande zote mbili. Utaona kitu cha lazima ni ghali mno ukajinyima, au mshahara ni mkubwa mno ukaahidi watu. Linganisha bei na unachopata hapo ulipo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ugenini hupotea kwa kasi. Miezi mitatu ya mwanzo andika kila senti inayotoka. Mwezi wa kwanza utakutisha kwa amana, godoro, sufuria na nauli. Wa tatu ndio utakaokuonyesha gharama halisi ya kuishi. Mpaka umeuona huo, usisaini malipo ya kila mwezi yasiyo ya lazima.

Kutuma pesa nyumbani kunahitaji mazungumzo mapema, tena ya wazi. Waambie ndugu kiasi unachoweza na tarehe utakayotuma, na uwaambie pia kwamba miezi ya kwanza huna. Ukikaa kimya kwa aibu, kila simu itakuwa mzigo, na utaanza kuwakwepa watu unaowapenda. Nimeliona hilo likivunja udugu kuliko umbali ulivyouvunja.

Unapotuma, angalia vitu viwili: ada, na kiwango cha kubadilishia. Tangazo linalosema hakuna ada linaweza kuficha makato kwenye kiwango. Kama kiwango cha soko ni 100 na kampuni inakupa 96, umekatwa asilimia 4 hata kama ada ni sifuri. Linganisha kwa kuuliza jambo moja tu: nikitoa kiasi hiki, mpokeaji atapata ngapi mkononi? Katika malengo yake ya maendeleo endelevu, Umoja wa Mataifa umelenga gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kitumie kama kipimo chako.

Kodi ya mapato nayo usiiache ikushtukize. Nchi nyingi humhesabu kuwa mkaazi wa kikodi mtu aliyekaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, na nyingine hutazama pia makazi na familia viko wapi. Kama una kipato nyumbani, kodi ya pango kwa mfano, tafuta kujua kama nchi zako mbili zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili.

Afya, na majina mawili ya dawa moja

Jiandikishe kwa daktari ukiwa mzima. Mahali pengi mgonjwa huanzia kwa daktari wa kawaida wa mtaani, naye ndiye anayempeleka kwa bingwa. Ukisubiri mpaka uugue, utakuwa unatafuta daktari huku unatetemeka kwa homa. Bima isome kuhusu mambo matatu: inaanza lini kufanya kazi, inakataa nini, na wewe unachangia kiasi gani kila ukitibiwa.

Kwa dawa unazotumia kila siku, njoo na akiba ya kukuvusha mpaka umpate daktari, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari kilichoandika jina la kitaalamu la dawa. Jina la kampuni halikusaidii, maana hubadilika kila mpaka. Hata hilo la kitaalamu wakati mwingine hubadilika: paracetamol huitwa acetaminophen Marekani, Kanada na Japani, na salbutamol ya pumu Marekani huitwa albuterol. Hili si la majina tu. Mtu akimeza paracetamol aliyokuja nayo, kisha akanywa dawa ya mafua ya huko yenye acetaminophen, amemeza dawa ileile mara mbili, na kuizidisha dawa hiyo huharibu ini. Soma kiambato, si sura ya pakiti. Kumbuka pia kwamba baadhi ya dawa, zikiwemo za maumivu au kikohozi zenye kodeini, hudhibitiwa vikali katika nchi kadhaa. Uliza ubalozi kabla ya kuzibeba.

Kadi za chanjo za watoto huombwa shuleni. Ya homa ya manjano, tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani ni ya maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani iliandikwa miaka 10. Usiitupe.

Umeme na barabara

Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V, inafanya kazi popote, unahitaji adapta ya plagi tu. Ikiandikwa 220–240V peke yake, kwenye nchi ya volti 120 kama Marekani haitafanya kazi ipasavyo, na kifaa cha volti 120 ukikichomeka kwenye 230 kinaungua. Pasi na birika viache nyumbani.

Kwa dereva, kibali cha kimataifa cha kuendesha ni tafsiri ya leseni yako na hakisimami bila hiyo leseni. Kipo cha Mkataba wa Geneva wa 1949, kinachodumu mwaka mmoja, na cha Vienna wa 1968, kinachoweza kudumu hadi miaka 3, na si kila nchi inakubali vyote viwili. Baada ya muda fulani wa ukaazi wengi hulazimika kubadilisha leseni au kufanya mtihani upya. Na kama magari hupita upande usiouzoea, hatari kubwa ni kwako unayetembea kwa miguu. Miezi ya kwanza angalia kote kuwili kabla ya kila hatua, hata kwenye barabara ya njia moja.

Kazini

Usianze kazi bila mkataba wa maandishi, na usiache mwezi upite bila hati ya mshahara inayoonyesha makato. Pasipoti yako usimkabidhi mwajiri aitunze, hata akisema ni utaratibu wa kampuni. Shirika la Kazi Duniani limeorodhesha kushikiliwa kwa hati za utambulisho miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Akihitaji nakala, aitoe hapohapo huku wewe ukisubiri pasipoti yenyewe irudi mkononi.

Jisajili ubalozini kama nchi yako ina huduma hiyo. Na ikitokea umekamatwa, kwa kosa au kwa kusingiziwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Omba kwa sauti, omba tena.

Lugha: anza na siku yako

Kitabu cha lugha kitakufundisha kwanza majina ya wanyama. Wewe anza na siku yako ilivyo. Andika sentensi hamsini unazozihitaji kweli tangu asubuhi hadi usiku: za kwenye basi, dukani, kazini, kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wa mtoto. Mwombe mwenyeji azisome, umrekodi kwa simu, uzisikilize ukitembea. Nilipofanya hivyo, sentensi ya kwanza iliyonilipa ilikuwa fupi sana: naomba useme polepole. Kabla yake nilikuwa nikisema sielewi, na watu wakihamia lugha nyingine au kuondoka. Nilipoomba polepole, walibaki.

Simu ndiyo mtihani mgumu, maana huoni midomo wala mikono. Kabla ya kupiga, andika unachotaka kusema na maneno matatu unayotarajia kujibiwa. Mwishoni rudia ulichoelewa: kwa hiyo ni Jumanne, saa fulani, nije na hati fulani. Mwenzako atakusahihisha.

Kama unalenga kukaa, angalia mapema ngazi inayotakiwa. Ulaya hutumia ngazi za lugha kuanzia A1, ya anayeanza, hadi C2, ya juu kabisa, na Ujerumani, kwa mfano, huomba B1 kwa anayetaka uraia. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya miezi miwili ya mwisho.

Neno moja kuhusu watoto. Watakuzidi lugha haraka, na utashawishika kuwafanya wakalimani wako. Kumwuliza mtoto bei ya kitu si tatizo. Lakini hospitalini, benki, au kwenye barua ya uhamiaji, usimweke mtoto katikati. Atabeba habari zisizo za umri wake, na atakuficha zile zinazomtisha. Omba mkalimani, hospitali nyingi zinao, ila hutolewa kwa anayeomba. Nyumbani endelea kuzungumza naye lugha yako, bila kuyumba.

Mwezi wa tatu

Wiki za kwanza kila kitu ni kipya na unapiga picha. Kisha, kwa wengi kati ya mwezi wa pili na wa sita, kitu kinaporomoka. Unaamka umechoka. Unawachukia wenyeji kwa jambo dogo, namna wanavyopanga foleni au wanavyonyamaza kwenye lifti. Unaanza kuhesabu bei ya tiketi ya kurudi.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliueleza mshtuko huu wa utamaduni katika hotuba ya 1954, iliyochapishwa 1960. Alisema chanzo chake ni kupotelewa na ishara ndogondogo tulizozizoea: lini kumpa mtu mkono, useme nini mnapokutana, lini kukubali mwaliko na lini kukataa, nani anatania na nani anasema kweli. Nyumbani hukuwahi kuzifikiria. Ugenini unazifikiria zote, mchana kutwa, na hicho ndicho kinachokuchosha. Nilipoelewa hivyo niliacha kujiona dhaifu.

Linalosaidia ni kupunguza maamuzi. Njia ileile, siku ileile ya kufua, saa ileile ya kupiga simu nyumbani. Simu za nyumbani ziwe na saa yake, kwa sababu anayeishi kwenye simu mchana na usiku hapumziki wala hafiki. Lala, tembea juani, kula chakula cha moto. Na kama usingizi umekimbia kwa wiki kadhaa, au unaona hakuna haja ya kuendelea kuishi, nenda kwa daktari kama ambavyo ungekwenda na mguu uliovunjika. Mwambie pia mtu mmoja, leo.

Kuzoeleka

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Siku hizi mgeni hukaa hata mwaka bila kupewa jembe, kwa hiyo lazima alitafute mwenyewe. Watu hawamzoei mtu kwa sababu ni mwema. Wanamzoea kwa sababu wamemwona mara nyingi mahali pamoja, akifanya kitu.

Chagua mahali pawili, si kumi. Kimoja kiwe na watu wa kwenu, wanaokuelewa bila maelezo. Kingine kiwe na wenyeji na kazi ya mikono: kwaya, timu ya mpira, bustani ya mtaa, kujitolea jikoni kanisani au msikitini. Mazungumzo matupu humwumiza asiyejua lugha, lakini mkibeba meza pamoja lugha huja yenyewe. Nenda kila wiki, siku ileile, kwa miezi mitatu kabla ya kuamua kama pamekufaa. Mara nne za kwanza utakaa pembeni. Ya tano au ya sita mtu atakupa funguo za stoo ukalete viti.

Jamaa wa kwenu watakufaa sana mwanzoni, na washukuru. Ila ushauri wao kuhusu sheria uuthibitishe ofisini. Sheria za uhamiaji hubadilika, na aliyefika miaka 10 iliyopita anakumbuka za wakati wake kwa uhakika mkubwa.

Mwaka ukikaribia

Toa daftari, andika tarehe zote zinazoisha: kibali, pasipoti, leseni, bima, mkataba wa nyumba. Kwa kibali, jipe onyo miezi 6 kabla, maana miadi hujaa. Hamisha anwani mpya kila mahali ukihama. Omba barua ya mwenye nyumba kwamba umelipa kodi bila deni, kwani utaihitaji kwa nyumba inayofuata. Kamilisha hesabu za kodi ya mapato hata kama unaamini hudaiwi, kwa kuwa huenda wewe ndiye unayedai.

Nami mwaka wangu ulipokaribia, karatasi ya jina langu ilibanduka kwenye sanduku la barua na sikugundua. Barua zilikuwa zikifika kila siku kama kawaida. Mtu wa posta alikuwa ameshanijua. Tulikuwa tunasalimiana ngazini tangu miezi ya mvua. Siku niliyoona pengo lile nilibandika nyingine papo hapo, kwa sababu akienda likizo atakuja mwenzake asiyenijua.